Mtetemo wa Shemasi Gaddis

Amplifaya ya marehemu Shemasi Hosie Gaddis ilikata roho Jumapili ya Matawi, katikati ya wimbo wa pili, mbele ya kanisa zima la Little Bethel. Wala haikufa kwa heshima. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wenye harufu ya nywele zilizounguzwa na chanuo la moto, kisha ikanyamaza, na binti wa Shemasi, Vernell Gaddis, akabaki amekumbatia gitaa la umeme lisilo na umeme. Lemuel Stiggers, mpiga dramu, alikuwa amefumba macho kwa utamu wa wimbo, kwa hiyo aliendelea peke yake ubeti mzima kabla hajagundua kwamba ameachwa njiani.

Wapo watakaosema ni amplifaya tu, inunuliwe nyingine, maisha yaendelee. Hao hawajawahi kusali Little Bethel. Kanisa lenyewe ni dogo, la mbao zilizopakwa rangi nyeupe, mwisho wa barabara ya changarawe kati ya mashamba ya pamba na mabwawa ya kambare, huko Mississippi, mwendo wa dakika ishirini kutoka Greenwood. Makanisa mengine ya upande ule yana viyoyozi, yana mazulia, moja lina hata skrini ya kuwaonyesha maneno ya nyimbo watu ambao walipaswa kuwa wanayajua tangu utotoni. Little Bethel walikuwa na mtetemo, na waliringa nao kwa miaka hamsini.

Mtetemo ulitoka kwenye nobu mbili nyuma ya amplifaya ile. Ukizungusha ya kwanza, sauti ya gitaa inaanza kupanda na kushuka yenyewe, mfano wa maji kwenye ndoo ya mtu anayetembea. Nobu ya pili ndiyo inayoamua ipande na kushuka haraka au polepole. Wauza magitaa wanauita tremolo. Little Bethel waliuita mtetemo wa Shemasi, na wazee walisema ukishaanza tu, Roho hakawii kufika.

Pembeni mwa ile nobu ya mwendo kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha, ndogo kama punje ya mchele. Vernell alipolichukua gitaa la baba yake, wiki mbili baada ya kumzika, aliikuta nobu imetulia palepale kwenye alama. Akaelewa: hapa ndipo baba alipopachagua, na hapa ndipo alipopaacha. Kwa miaka kumi na tisa hakuisogeza. Alifuta vumbi kwa kuizunguka, kwa ncha ya kitambaa. Mwaka wa tatu alikuja mpiga gitaa mgeni kutoka Memphis, kijana wa watu mwenye viatu vinavyong'aa, akanyoosha mkono aiongeze kidogo tu, na Vernell akamchapa kofi mkononi, mchungaji akiona. Tangu siku hiyo habari ya ile alama ikawekwa jirani na Amri Kumi.

Vernell alikuwa na miaka hamsini na minane, mwili mkubwa, sauti ndogo, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiendesha basi la shule namba kumi na nne. Kaka zake watatu walikataa kujifunza gitaa, kila mmoja kwa sababu yake ya kipuuzi, hivyo Shemasi akabaki na binti wa miaka tisa aliyejikalisha barazani kila jioni bila kualikwa. Alimfundisha kwa mtindo wake mwenyewe: alimgeuzia mgongo. Alipiga akitazama shamba, na Vernell, nyuma yake, alitakiwa kukirudisha alichosikia bila kuona vidole vinafanya nini. "Sikia, usitazame," mzee alikuwa akisema. Binti akinyoosha shingo achungulie, mzee anaufunika mkono kwa kofia. Ndiyo maana mpaka leo Vernell hajui jina la noti hata moja, ila umwimbie chochote mara moja, hatakuomba urudie.

Basi amplifaya kufa lilikuwa jambo moja. Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa Mama Ozella Pruitt.

Mama Ozella alikuwa na miaka tisini na moja, mkubwa wa akina mama wa kanisa, mwenye kiti cha mbele kulia kabisa, hatua moja kutoka kwa mpiga gitaa. Gauni jeupe, kofia nyeupe, glavu nyeupe, na fimbo yenye mpira mweusi mwishoni ambayo aliitumia zaidi kuonyea watu kuliko kutembelea. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Agosti, Little Bethel wana siku ya Kurudi Nyumbani. Waliohamia Chicago, Detroit na St. Louis wanarudi kusali walikobatizwa, na Mama Ozella ndiye anayefungua ibada kwa wimbo wake. Hapigi mtu piano, haiimbi kwaya. Ni yeye, gitaa, na miguu ya watu kwenye sakafu ya mbao. Wapo wanaoendesha gari kwa muda wa saa kumi na mbili kuja kuusikia wimbo ule, halafu mahubiri wanasinzia.

Tangu Jumapili ya Matawi, Mama Ozella hakuwa ameimba hata neno. Pasaka alikaa amefunga mdomo. Mei yote kimya, Juni kimya. Mchungaji Whitlow alipomwuliza kama anaumwa, alimjibu, "Siumwi. Nitaimba pakiwa na cha kuimbia." Kanisa zima likageuka kumtazama Vernell.

Hapo ndipo lilipokuwa donge lake. Watu wa umri ule wakizoea kunyamaza, huenda wasirudi tena. Vernell aliiona Agosti ikija, aliwaona watoto na wajukuu wa Mama Ozella wakishuka kwenye magari, na wimbo haupo, na pengine haupo moja kwa moja. Na wa kulaumiwa ni yeye, aliyekabidhiwa sauti ya baba yake akashindwa kuitunza. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, asubuhi na mchana, kwenye usukani wa basi.

Duka la Cleotha Rainey, fundi na muuza magitaa, lipo Greenwood nyuma ya saluni ya Lemuel, maana Lemuel akishavua nguo za kanisa ni kinyozi. Cleotha aliifungua amplifaya, akachungulia ndani, akaifunga tena taratibu.

"Dada Vernell, huyu tumzike."

"Huwezi kubadilisha kilichoungua?"

"Kilichoungua ndicho hicho chote unachokiona. Na aliyekuwa akitengeneza vipuri vyake naye keshazikwa. Chukua amplifaya ya kawaida, hii ya mtumba haina neno. Mtetemo utautoa kwenye pedali. Kinakuwa kidude kiko chini sakafuni, gitaa linapitia humo. Ukikikanyaga kinatetemesha, ukikikanyaga tena kinaacha."

"Sakafuni."

"Sakafuni."

"Yaani mtetemo wa baba yangu niukanyage na kiatu."

"Si uvue kiatu, hata Musa alivua," alisema Lemuel. Alikuwa amemwacha mteja saluni na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, akaja kusikiliza.

Cleotha alizipanga pedali tatu juu ya zulia. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya buluu, yenye nobu sita zilizobanana na taa inayowakawaka.

"Hii ina mitetemo minane," alisema kwa fahari.

"Mimi nahitaji mmoja."

"Sikiliza kwanza, dada yangu."

Vernell alivuta kiti, akapiga. Sauti ilitoka imekatwakatwa vipande: ipo, haipo, ipo, haipo. Cleotha akazungusha nobu moja, vipande vikapungua makali. Akazungusha nyingine, vikarudi. Vernell hata hakumaliza wimbo.

"Mtu anachezea swichi ya taa sebuleni kwangu," alisema.

"Tukiimba na hiyo," alisema Lemuel, "mchungaji atatuma mtu kuangalia fyuzi."

Ya pili ilikuwa ya kahawia, mtengenezaji wake alikuwa wa aina nyingine ya akili. Hii haikuikata sauti. Iliizungusha, mara nene mara nyembamba, ikamzunguka mtu masikioni mpaka mabega yakalegea. Vernell alipiga kwa muda mrefu. Alipiga hata kitu ambacho hakipigwi kanisani.

"Hii tamu," alikiri.

"Tamu ya baa," alisema Lemuel, ambaye habari za baa anazijua kuliko anavyowaambia watu wa Little Bethel. "Mashemasi wataanza kutafuta wa kucheza nao."

"Siyo hiyo tu. Hii inazunguka. Ya baba haikuwa inazunguka. Ilikuwa inapumua."

Cleotha alikuna kidevu. Akaisogeza ya tatu kwa mguu, bila kuisifia. Lilikuwa sanduku la chuma kizito, rangi ya kijani ya ukuta wa hospitali, halina taa, na lilikuwa na nobu mbili tu, kila moja pana kama mfuniko wa chupa ya jamu.

"Hii nakuonyesha ili usiseme nilikuficha. Kuna bwana mmoja Arkansas anazitengeneza gereji kwake. Sijui nani alimwambia wapiga gitaa wote wana mikono ya seremala. Imekaa hapa mwaka wa pili, wateja wanaitumia kuzuia mlango."

Vernell aliikanyaga, akapiga.

Sauti ilikuwa ikipanda na kushuka bila kona, bila kuchoka, na kila iliposhuka ilionekana kwamba itapanda tena kwa hiari yake. Kasoro ilikuwa moja, na aliisikia palepale.

"Nikiikanyaga inanipunguzia sauti."

"Haikupunguzii. Nusu ya muda sauti iko chini, kwa hiyo sikio linaona umeibiwa. Zote hizi zina tabia hiyo." Cleotha alifungua mfuniko wa chini, akatafuta skrubu ndogo ndani, akaizungusha robo. "Jaribu tena."

Alijaribu tena. Yule mteja wa saluni alitokea mlangoni na shuka lake na nusu ya nywele zake, akaegemea, akavua miwani.

"Naichukua," alisema Vernell.

Ikabaki kazi ya mwendo. Amplifaya ilikuwa imekufa na alama yake, ila kwenye simu ya Lemuel kulikuwa na wimbo wa Mama Ozella wa Agosti iliyopita. Waliiweka simu juu ya kiti. Vernell akapiga pamoja nayo, akiigusa nobu kwa ncha ya kidole, unywele mmoja mbele, nywele mbili nyuma, mpaka gitaa la dukani na gitaa la kwenye simu yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Iliwachukua nusu saa, na mteja wa saluni alinyolewa kipande kilichobaki palepale dukani. Mwendo ulipokaa sawa, Vernell alifungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya kucha nyekundu, akainama kwa kuguna.

"Dada," alisema Cleotha, "hujalipa bado."

"Nalipa. Shikilia hapo isisogee."

Akapaka alama. Akapuliza ikauka. Kisha alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo Lemuel aliwasimulia wateja wiki nzima.

Jumapili ya kwanza ya Julai, Little Bethel walisikia mtetemo tena. Dada Philomene wa meza ya wageni alilia. Shemasi mmoja alimpiga Vernell begani na kusema Hosie amerudi. Watu walishika pepeo zao za karatasi, zile zenye picha ya kampuni ya mazishi iliyozigawa, wakapepea polepole kufuata gitaa, kama walivyozoea, na mioyo ikatulia. Vernell alikanyaga kwa adabu, kiatu cha kulia amekivua, soksi nyeupe mpya.

Mama Ozella aliinama mbele. Aliitazama ile pedali ya kijani kando ya kiatu cha Vernell. Aliitazama alama nyekundu. Kisha akaegemea nyuma, akabana midomo, na hakuimba.

Baada ya ibada Vernell alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mama, sauti haikukaa vizuri?"

"Sauti iko vizuri."

"Basi ni nini, Mama?"

Mama Ozella alimtazama kwa muda, kama anayepima kitu. "Umeipaka tena ile alama."

"Ndiyo, Mama. Palepale pa baba. Tumeipima na Kaka Lemuel, haijazidi wala kupungua."

"Hm," alisema Mama Ozella. "Mwambie wifi yako, siku ya Kurudi Nyumbani mwaka huu asikaushe kuku." Akafunga mlango wa gari.

Vernell alirudi nyumbani akiwa hoi. Amefanya kila kitu sawasawa, na bado. Wiki tano zilizofuata alikuwa hasikiki. Wakati wa likizo mabasi ya shule hayatembei, kwa hiyo hakuwa na pa kupeleka mawazo yake. Alikwenda hata kwa Cleotha kuuliza kama ile ya kahawia bado ipo. Cleotha alimwambia ipo, lakini haimpi.

"Pedali haina kosa. Kama mama wa watu hataki kuimba, hataki kuimba. Utamnunulia duka zima?"

Siku ya Kurudi Nyumbani ilifika na joto lake. Kufikia saa nne asubuhi magari yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani, namba za Illinois, namba za Michigan, na nyuma ya kanisa mafuta yalikuwa yakichemka tayari kwa kambare. Watoto wa Mama Ozella walijaza mabenchi mawili. Mjukuu wake mmoja aliinua simu tayari kurekodi. Vernell alikaa kwenye kiti chake, akavua kiatu cha kulia.

Mchungaji Whitlow alisema maneno ya kukaribisha, akayafupisha, akatazama kulia. "Mama Pruitt, kama utapenda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia kama atapenda. Miaka yote hakuambiwa, alisimama tu.

Mama Ozella akasimama. Hata pepeo zilisimama. Vernell akakanyaga, akapiga ile noti ya chini ya kuanzia, ikapumua polepole katika chumba kizima, ikapanda, ikashuka. Mama Ozella hakufungua mdomo. Vernell akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, akasema moyoni, yameisha, ndiyo hivi yanavyoisha.

Ndipo fimbo ilipokuja.

Mpira mweusi ulishuka hatua moja kushoto, ukatua juu ya ile nobu pana ya mwendo, ukakandamiza, na ukaizungusha. Kama nobu ingekuwa mojawapo ya zile sita ndogo za pedali ya buluu, fimbo isingefua dafu. Hii ilitii. Ilitii kupita kiasi: gitaa likaanza kutetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na benchi la nyuma mtu akacheka. Mama Ozella hakujali. Akairudisha kidogo. Akasikiliza, kichwa upande. Mguu wake wa kulia, katika kiatu cheupe, ulikuwa ukigonga sakafu. Akairudisha kidogo tena, mpaka mguu na gitaa vikakubaliana. Fimbo ikanyanyuka.

Akaimba.

Haikuwa sauti ya mama wa miaka tisini na moja anayeaga. Wimbo ulitoka umekunja mikono ya gauni. Ulikuwa na haraka ya mtu mwenye habari njema na njia fupi ya kupita. Lemuel, aliyejiandaa kwa mwendo wa miaka yote, aliangusha kijiti kimoja, akapiga kwa kilichobaki. Miguu iliamka benchi kwa benchi, wazee kwanza, halafu watu wa Chicago, halafu hata wale waliokuja kwa ajili ya kambare, na sakafu ya mbao ikaanza kujibu. Mjukuu alisahau kurekodi. Shemasi mmoja mzito, ambaye hajacheza tangu goti lake lifanyiwe upasuaji, alionekana katikati ya kanisa, na goti halikuonekana kuwa na shida yoyote.

Na Vernell alilia akipiga, kwa sababu aliujua mwendo ule. Hakuusikia kanisani kwa miaka kumi na tisa, lakini aliujua. Ulikuwa wa barazani. Ni mwendo ambao mgongo wa baba yake ulikuwa ukiyumba nao, jioni, akiwa ametazama shamba.

Baadaye, kwenye meza za nje, alimletea Mama Ozella sahani: kambare, kuku, maharage ya siagi, keki kipande kikubwa. Akaketi pembeni yake. Lemuel akajisogeza na sahani yake bila kuitwa.

"Kuku hakukauka," alisema Mama Ozella.

"Mama," alisema Vernell, "ile alama."

"Ile alama ni yangu."

"Yako vipi?"

"Rangi ya kucha ni ya nani, ya Hosie?" Mama Ozella alitoa mfupa wa samaki mdomoni, akauweka kando. "Siku tulipomzika mume wangu, mwaka sabini na tisa, nilimwambia baba yako, leo polepole, tafadhali. Maana Hosie alikuwa akinogewa anasahau kwamba kuna maiti ndani. Nikamwekea alama ili asijisahau. Ikawa ndiyo alama yetu ya mazishi. Tukiwa na msiba anairudisha pale. Jumapili nyingine anaizungusha anavyosikia miguu inavyotaka. Hakuna Jumapili mbili zilizofanana."

"Lakini mimi niliikuta pale."

"Uliikuta pale kwa sababu niliiweka pale mimi, siku tulipomzika yeye. Gitaa alipiga jamaa mmoja wa Itta Bena, mji wa jirani, wala hakujua. Niliiweka kwa mkono wangu."

Vernell alikaa na uma hewani. Lemuel ndiye aliyepiga hesabu.

"Yaani Mama, miaka kumi na tisa sisi tuko mazishini?"

"Kila Jumapili," alisema Mama Ozella. "Na Krismasi."

"Na harusi yangu," alisema Lemuel.

"Na harusi yako. Hiyo ilistahili."

Vernell aliuweka uma chini. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama Ozella alivua glavu iliyokuwa na mafuta ya samaki, akaikunja. Aliposema, hakuwa akitania. "Mwaka wa kwanza ulikuwa ukilia kila ukigusa lile gitaa. Nani angekwambia usogeze kitu cha baba yako? Mwaka wa pili ulikuwa umeacha kulia, nikaogopa kukuanzishia. Mwaka wa tatu ukamchapa yule mtoto wa Memphis. Nikasema, basi, Ozella, imba polepole. Nikaimba polepole. Amplifaya ilipoungua, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikajisemea, hatimaye, sasa atachagua mwenyewe, ngoja ninyamaze nimsikie atachagua nini." Akatikisa kichwa. "Ukaja na kichupa chako."

Lemuel alicheka mpaka akalazimika kuweka sahani kwenye majani. Vernell alitaka kukasirika, akaitafuta hasira, hakuiona. Alichokiona ni mama mmoja aliyeketi hatua moja kutoka kwake kila Jumapili, miaka kumi na tisa, akiubana mguu wake usigonge, ili binti wa Hosie asiumie. Akaushika ule mkono mtupu usio na glavu, akaubusu, na Mama Ozella akamwacha.

Ibada ya jioni ilianza saa kumi, jua bado kali madirishani. Vernell alifika mapema, akapiga magoti mbele ya pedali, akaanza kuikwangua alama kwa ukucha wa kidole gumba. Fimbo ikamgusa begani.

"Iache hiyo," alisema Mama Ozella, akijiweka kitini. "Utaihitaji siku yangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Siku hiyo uiweke hapo, nami nitapumzika vizuri. Ila ukisikia miguu inataka haraka, uniongezee."

Watu wakaingia, wakakaa, wakapepea. Lemuel akainua vijiti, akamtazama Vernell amwonyeshe mwendo. Vernell aliushusha mkono kwenye ile nobu pana, akafumba macho asiione alama, akangoja kusikia mguu wa kwanza.